Paa la Asbesto Shuleni: Jinsi ya Kuishi Nalo Salama na Jinsi ya Kuliondoa

Shule nyingi za Kenya zilizojengwa kabla na baada tu ya uhuru bado zina madarasa yenye paa la kijivu, lenye mawimbi mapana kuliko ya mabati ya kawaida, na ukungu mweusi uliogandia mgongoni. Hayo ndiyo mabati ya asbesto. Mafundi wa zamani waliyapenda, na hawakuwa wajinga: hayashiki kutu, darasa halichemki saa saba mchana, na mvua ikinyesha mwalimu anaendelea na somo bila kupiga kelele.

Nilianza kazi ya ujenzi nikiwa kibarua wa kukata mabati hayo kwa msumeno wa mkono. Tulikatia chini ya mwembe, vumbi jeupe likitua kwenye kope, na jioni kontrakta alimnunulia kila mtu pakiti ya maziwa "ya kusafisha kifua". Hadi leo nawakuta vijana wa saruji na rangi wakinywa maziwa kwa imani hiyo hiyo. Maziwa huenda tumboni, vumbi huenda mapafuni, na hakuna mahali yanapokutana. Baadaye nikawa msimamizi wa kazi kwenye majengo ya shule, na mengi yaliyomo humu nimeyajua kwa kuona yakifanywa vibaya, mengine na mimi mwenyewe.

Mwalimu mkuu, mwanabodi, fundi wa shule na mama anayefagia madarasa, mwongozo huu ni wenu. Kabla ya hatua yoyote mjue hivi: bati la asbesto lililo zima na lililotulia juu ya papi zake, zile mbao zinazolibeba, lina hatari ndogo sana. Linaloua ni vumbi lake, na vumbi hilo mara nyingi hutimuliwa na mtu mwenye nia njema anayetengeneza, anayesafisha au anayefagia.

Unachokabiliana nacho

Asbesto ni madini ya mwamba yanayochambuka kuwa nyuzi. Kwenye mabati ya paa huwa imechanganywa na saruji, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito. Saruji ikiwa imara, nyuzi zimefungwa ndani. Bati likikatwa, likipekechwa, likisuguliwa au likimeguka, nyuzi hutoka. Ni nyembamba mno kuliko unywele. Huzioni, hazinuki, haziwashi koo. Zikifika ndani kabisa ya mapafu mwili hauwezi kuzitoa wala kuziyeyusha.

Magonjwa yake ni makovu ya mapafu yaitwayo asbestosisi, saratani ya mapafu, na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu. Kwa kawaida huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Ndiyo maana fundi atakuambia, "Nimekata haya miaka kumi na mimi ni mzima," na awe anasema kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kutokana na asbesto waliyokutana nayo kazini. Sasa mfikirie mtoto wa darasa la pili: ana umri wote wa maisha mbele yake wa kungoja ugonjwa huo ukomae.

Kenya iliiweka asbesto kwenye orodha ya taka hatari kupitia kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, na baadaye mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa mwongozo wa kitaifa wa namna ya kuishughulikia na kuitupa. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2009 serikali iliamua mapaa ya asbesto yaondolewe nchi nzima.

Hatua ya 1: Zunguka uitafute

Tenga asubuhi moja, shule ikiwa tulivu. Chukua daftari, kalamu na simu ya kupigia picha. Usibebe nyundo wala bisibisi. Siku hiyo ni ya kutazama tu.

Anza na mapaa. Bati la asbesto ni nene, karibu milimita 6, na kingo zake ni butu. Ukilitazama kutoka chini ndani ya stoo isiyo na dari, halina mng'ao wala kutu. Mahali lilipomeguka utaona ukingo wenye manyoya, kama kitambaa kilichochanika. Baadhi yamepigwa chapa ya herufi AC, yaani saruji ya asbesto. Yale yasiyo na asbesto yaliyotengenezwa baadaye hupigwa NT. Chapa nyingi zimefutika, na kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuapa. Uhakika hutoka maabara, kwa darubini. Kama huna uwezo wa kupima, fuata kanuni ya mafundi waangalifu: jengo la zamani lenye bati la kijivu lisilo la chuma, lihesabu kuwa asbesto hadi ithibitike vinginevyo.

Kisha teremka. Watu wengi huishia paani, na hapo ndipo wanapokosea. Tazama kofia ya paa, mifereji ya maji na bomba lake la kushukia, dari za bodi bapa, tangi la maji la mstatili juu ya bweni, mabomba ya zamani ya maji yaliyofukiwa. Ingia jikoni uangalie kamba ya kuzibia mlango wa tanuri la zamani. Fungua kabati la maabara ya kemia: zile nyavu za waya zenye duara jeupe katikati, zinazowekwa juu ya moto kubeba bika, kama ni za zamani duara hilo ni asbesto tupu. Za siku hizi ni za seramiki. Nimeona wanafunzi wakilikwaruza duara hilo kwa kucha likianza kubanduka, kwa kuwa linabanduka vizuri, kama ganda la kidonda. Blanketi la kuzimia moto lililoning'inia tangu maabara ifunguliwe nalo litilie shaka.

Mwisho zunguka nyuma ya majengo. Hapa ndipo penye kazi kweli. Mabati yaliyotolewa zamani hayapotei, huhama. Utayakuta yameegemezwa ukuta wa jiko, yamekuwa ukingo wa bustani ya maua, paa la banda la kuku la mlinzi, kifuniko cha shimo la choo, au vipande vidogo vilivyokanyagwa mpaka vikawa sehemu ya njia ya kwenda uwanjani. Watoto huviokota na kuchorea ukutani, maana vinaandika kama chaki.

Hatua ya 2: Andika rejista

Rejista si lazima iwe kitu cha kompyuta. Daftari kubwa la mistari linatosha, mradi kila kitu kina mstari wake na mtu wa nje akilisoma anaweza kwenda moja kwa moja mpaka kwenye kitu chenyewe. Mstari mzuri husomeka hivi:

*Darasa la 6 Mashariki. Paa, mabati 48. Halijatobolewa. Bati la tatu kutoka mlangoni, upande wa uwanja, lina ufa wa urefu wa shibiri moja, haujapenya. Hakuna dari. Picha namba 11. Limekaguliwa tarehe 4 Februari.*

Mstari mbaya husomeka hivi: *Madarasa yote yana asbestos.* Huo haumsaidii yeyote.

Kwa kila kitu jiulize maswali matatu: kiko katika hali gani, watoto wanakifikia au hawakifikii, na kuna uwezekano gani wa kuguswa na fundi hivi karibuni? Bati zima lililo juu mita nne si la haraka. Dari ya bodi iliyobonyea juu ya kitanda cha juu cha bweni, ambayo vijana huigusa kwa vidole wakiwa wamelala, ni ya haraka kuliko paa zima la ukumbi. Vipande vilivyotapakaa ardhini ndivyo vya kwanza kabisa.

Mteue mtu mmoja awe mwenye daftari. Akiwa ni "kamati", daftari litapotea. Marekani wana sheria ya mwaka 1986 kuhusu asbesto shuleni, na mambo mawili ndani yake yanafaa kuigwa popote: shule hupitia rejista na kuangalia hali ya vitu kila miezi 6, na wafanyakazi wa usafi na ukarabati hupewa angalau saa 2 za mafunzo ya kuitambua asbesto. Kwetu miezi 6 inaangukia vizuri kabla na baada ya masika. Saa mbili za mama wa usafi, mlinzi na fundi wa shule chini ya mti hazigharimu chochote zaidi ya chai.

Hatua ya 3: Sheria za paa linalolala

Bandika hizi kwenye mlango wa stoo ya vifaa, maana hapo ndipo fundi anapopita kuchukua drili.

Hakuna kutoboa. Umeme mpya, projekta, spika ya kengele, paneli za sola, antena: vyote vifungwe ukutani au kwenye mlingoti wake. Fundi wa umeme akija, aonyeshwe rejista kabla ya kupanda ngazi, aitie sahihi.

Hakuna kukwangua ukungu, kupiga brashi ya waya, wala kuosha kwa mashine ya maji ya kasi. Kila mwaka kuna mgeni rasmi anakuja, na kila mwaka kuna mtu anayetaka paa ling'ae. Ukungu haumdhuru mtu. Kama bodi inataka rangi, rangi ya maji inaweza kunyunyizwa juu ya bati lililo zima bila kulisugua, na inasaidia kufunga uso wake. Kazi hiyo ifanywe na mtu anayejua anachopaka juu yake.

Hakuna kufagia kwa ufagio mkavu katika chumba ambacho dari yake imechakaa. Nyunyiza maji, deki kwa tambara lenye unyevu.

Hakuna kupanda juu. Nataka nikae kidogo kwenye hili, kwa sababu asbesto huua polepole lakini paa lake huua mara moja. Bati la saruji likizeeka hukauka na kuwa tete kama biskuti. Kwa macho linaonekana jiwe. Mtu anapanda kuchukua mpira, anakanyaga katikati ya mawimbi, na anateremka nalo hadi sakafuni. Wanafunzi waambiwe wazi: mpira ukipanda paani umeenda. Kwa fundi, kupanda ni kwa jukwaa, au kwa mbao ndefu zinazolala juu ya papi zaidi ya mbili, huku amefungwa kamba.

Na hakuna kufunika. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ni rahisi kuezeka mabati mapya ya chuma juu ya yale ya zamani. Ni rahisi, ndiyo, lakini kila msumari unaopita unatoboa asbesto, na fundi wa miaka kumi baadaye hatajua kilichoko chini.

Tangi na maji ya paa huulizwa sana. Ushahidi kwamba nyuzi zinazomezwa zinadhuru kama zinazovutwa si imara, kwa hiyo usifunge mfereji wa maji ya mvua kwa hofu shule ikabaki bila maji. Lakini yale matope ya kijivu yanayojaa kwenye mfereji na chini ya tangi yana nyuzi. Yatolewe yakiwa mabichi, yafungwe kwenye mfuko, yasianikwe juani yakawa vumbi.

Hatua ya 4: Bati likivunjika

Embe limeanguka, jiwe limerushwa, tawi limevunja kona. Darasa lina watoto arobaini. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Watoe watoto wote polepole, bila kukusanya vitabu. Wasipige mbio, mbio hutimua vumbi. Funga mlango na madirisha, weka mtu mlangoni. Zima feni kama ipo. Mtoto mwenye vumbi kwenye nguo apanguswe kwa kitambaa chenye maji, nguo ivuliwe na kufungwa kwenye mfuko ikiwa mbichi. Isikung'utwe.

Usimwite mama wa usafi na ufagio. Nimesema hivyo kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza kila mtu hulifanya.

Kama ni kipande kidogo kilichomeguka, mtu mmoja aliyefunzwa anaweza kukiondoa. Avae barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini kabisa, iliyobana uso vizuri, ovaroli ya kutupa, glavu za mpira na gambuti. Barakoa ya hospitali, ile tuliyoizoea wakati wa korona, haizuii nyuzi hizi, na leso iliyofungwa puani ni mapambo. Hata FFP3 haifanyi kazi juu ya ndevu. Hewa hupita pembeni. Anyunyize maji yenye matone machache ya sabuni kwa pampu ya mkono, kwa manyunyu laini. Sabuni hufanya maji yaingie ndani badala ya kuteleza juu. Aokote vipande bila kuvivunja, avitie kwenye mfuko mzito wa plastiki, aufunge, autie ndani ya mfuko wa pili, aandike juu yake HATARI: ASBESTO. Kisha apanguse sakafu na madawati kwa matambara mabichi, kila tambara likitumika upande mmoja na kuingia mfukoni, lisirudi kwenye ndoo. Mwishoni avue ovaroli ikiwa imelowa, akiikunja nje-ndani, barakoa iwe ya mwisho kutoka usoni, aoge.

Kama ni bati zima lililoanguka, dari iliyoporomoka, au upepo uliong'oa safu, usiguse. Funga darasa, hamishia watoto ukumbini, piga simu kwa ofisi ya NEMA ya kaunti. Siku mbili za masomo chini ya mti si msiba.

Moto ni jambo tofauti. Mabati haya yakipata joto kali hupasuka kwa mlipuko na kurusha vipande mbali. Bweni likiungua, waambie wazima moto mapema paa ni la nini, na usiwaruhusu wanafunzi waingie asubuhi kupekua majivu kutafuta masanduku yao. Najua ni vigumu. Ndani ya sanduku kuna vyeti na picha ya mama. Lakini majivu hayo yanyunyizwe maji na yaguswe na watu waliovaa vifaa vya kinga.

Wazazi watauliza. Waambie ukweli: tukio moja la dakika chache huongeza hatari kidogo sana, na hakuna kipimo cha hospitali cha kesho kitakachoonyesha chochote. Andika majina ya waliokuwepo, tarehe na kilichotokea, weka kwenye faili. Msikimbizane kwenda eksirei.

Hatua ya 5: Kuamua kuondoa, na kuandika fedha zake

Ondoa kama bati linachanika, kama jengo linakarabatiwa hata hivyo, au kama watoto wanalifikia. Vinginevyo panga, usikimbilie. Paa zima linaloezuliwa ovyo lina hatari kuliko lile lililoachwa.

Fedha mara nyingi hutoka kwenye mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na hapo ndipo mambo huharibika, kwenye karatasi. Makadirio ya kazi, yale mafundi huyaita BQ, huwa na mstari mmoja: *kuezua paa la zamani*. Kwa mstari huo kontrakta anaweka bei ya vibarua wanne na nyundo. Kisha, kwa desturi ya ujenzi, vitu vilivyotolewa huwa vyake. Katika shule moja niliyosimamia nilitia sahihi makadirio ya namna hiyo bila kufikiri. Mwezi uliofuata nikapita kijijini nikakuta mabati yetu ya darasa la nne yamekuwa kuta za kioski cha chapati. Mwenye kioski alikuwa ameyanunua, ana risiti.

Kwa hiyo mistari iwe minne, kila mmoja na bei yake: kuondoa kwa njia ya unyevu na watu wenye vifaa; kufunga; kusafirisha kwa gari lenye leseni ya taka; kutupa kwenye eneo lililoidhinishwa. Ongeza sentensi moja kwenye mkataba: *Bati lolote la zamani lisiuzwe, lisitolewe bure, wala lisitumike tena.*

Andikia NEMA mapema, angalau muhula mmoja kabla. Watakueleza vibali na kukupa orodha ya wenye leseni. Idara ya Usalama na Afya Kazini nayo ina neno kuhusu ulinzi wa wafanyakazi. Msomaji wa Tanzania, milango yako ni NEMC kwa mazingira na OSHA kwa usalama wa wafanyakazi.

Chagua likizo kwa akili. Ya Aprili ni masika. Ya mwisho wa mwaka ni ndefu, lakini Novemba watahiniwa bado wako madarasani na vuli inanyesha. Ya Agosti ni fupi na kavu. Mimi huchagua Agosti kwa jengo moja, na Desemba kwa zaidi ya hapo.

Hatua ya 6: Siku ya kuezua

Hii ni kazi ya watu wenye leseni. Lakini wewe unayesimama pembeni lazima ujue kazi nzuri inavyofanana, ili uweze kusema "simameni".

Eneo limezungushiwa utepe na bango, hakuna mtu ndani yake asiyevaa vifaa vya kinga, wala kioski cha uji. Madawati yametolewa au yamefunikwa, sakafu imetandikwa nailoni nzito. Bati linaloweshwa pande zote mbili kabla ya kuguswa. Pampu ya mgongoni ya shambani inafaa sana, ikiwa mpya, si ile iliyobeba dawa ya kupe. Vyuma vya ndoano vinavyoshika bati kwenye papi vinakatwa kwa mkasi wa chuma au vinafunguliwa taratibu. Ukisikia mlio wa grainda, simamisha kazi. Ukisikia nyundo, simamisha. Ukiona bati linatupwa kutoka juu, simamisha na umwite msimamizi wao: bati hushushwa kwa mikono ya watu wawili au kwa kamba, zima, likiwa bichi.

Chini, mabati yanapangwa juu ya mbao na kufungwa kwa polithini ya geji 1000, ile ile inayotandikwa chini ya sakafu ya zege, tabaka mbili, mishono ikifungwa kwa utepe wa gundi. Yasiachwe wazi usiku kucha. Yasilundikwe "kwa muda" nyuma ya jiko. Muda huo nimeuona ukifika miaka sita.

Jioni papi na kenchi, yale maumbo ya mbao yanayobeba paa lote, zinapanguswa kwa tambara bichi, kuta vivyo hivyo. Kama kampuni ina mashine ya kufyonza vumbi, iwe ya kichujio cha HEPA, kinachonasa hata vumbi laini kabisa. Ya nyumbani hupulizia nyuzi nje upande wa pili. Kisha watu wapange mstari na kutembea taratibu kuzunguka jengo, macho chini, wakiokota kila kipande hadi cha ukubwa wa kucha. Pale maji ya paa yanapodondokea, udongo wa juu ukwanguliwe ukiwa mbichi na uondoke na taka.

Hatua ya 7: Kabla ya kuezeka upya

Bati la chuma jembamba ni jepesi mara kadhaa kuliko la asbesto. Paa la zamani lilikaa kwa uzito wake. Jipya litataka kuruka. Kenchi zifungwe ukutani kwa vyuma kabla ya bati la kwanza kupigwa msumari. Pia papi za asbesto ziliwekwa mbali mbali, karibu mita moja na nusu, na bati jembamba juu ya nafasi hiyo hubonyea. Ongeza papi katikati. Na kwa kuwa darasa sasa litakuwa na joto na kelele za mvua, weka dari. Walimu watakuja kukulalamikia masika ya kwanza, na watakuwa na haki.

Hatua ya 8: Karatasi

Lori likiondoka, baki na nakala ya hati ya kufuatilia taka, inayoonyesha idadi, gari na mahali lilipoelekea. Likishafika, dai uthibitisho wa kupokelewa. Hesabu iliyotoka ilingane na hesabu ya rejista: kama daftari linasema mabati 48 na hati inasema 41, kuna saba yaliyopata kioski.

Piga mstari kwenye rejista mbele ya kila kilichoondolewa, andika tarehe, usichane ukurasa. Vilivyobaki, nyavu za maabara, kipande cha bomba chini ya njia ya bwenini, viendelee kukaguliwa kila miezi 6. Na siku mwalimu mkuu atakapohamishwa, kwenye orodha ya makabidhiano, pamoja na funguo, vitabu vya akaunti na muhuri, daftari hili liandikwe kwa jina lake, lisainiwe na anayelipokea.